Magonjwa ya mifugo na wadudu: kwa nini umri wa mdudu una uzito kuliko wingi wake

Ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na wadudu ukizuka, jicho la watu wengi huenda moja kwa moja kwenye wingi. Mbu wamejaa mwaka huu, inzi hawabanduki zizini, basi sababu imepatikana. Wingi una nafasi yake, lakini peke yake hauelezi mambo. Kuna malisho ambayo mbu hufurika kila msimu wa mvua na mifugo ikakaa salama miaka kumi, kisha mwaka mmoja karibu kila kondoo mwenye mimba akaitupa. Kuna dawa ya kupulizia inayoua nusu ya wadudu na ugonjwa usitikisike. Anayetaka kuyaelewa magonjwa haya aanze na swali ambalo huulizwa mara chache: mdudu huyu ameishi siku ngapi?

Mchukue usubi mmoja wa jamii ya Culicoides, mdudu wa milimita moja hadi tatu ambaye hupenya chandarua cha kawaida bila taabu. Ni jike, kwa kuwa dume hanywi damu. Jioni anatua tumboni mwa ng'ombe mwenye virusi vya ugonjwa wa ulimi wa bluu, anachana ngozi na kunywa kidogo. Virusi vimeshaingia, lakini usubi huyo bado hawezi kumwambukiza mnyama yeyote. Kwanza lazima virusi vivamie seli za ukuta wa utumbo wake na kuzaliana humo, na kwa usubi wengi safari inaishia hapohapo kwa sababu ukuta haupitiki. Vikifaulu kupenya, vinaenea mwilini, vinafika kwenye tezi za mate na kuzaliana tena. Ni baada ya hapo tu ndipo mate yake yanakuwa hatari. Katika siku hizo zote usubi ametaga mayai, amekwenda kutafuta damu tena, na ameponea upepo, baridi, ukavu na wanyama wanaomla. Wengi hawafiki. Wanakufa wakiwa na virusi tumboni ambavyo havitamdhuru mtu wala mnyama.

Siku hizo za kungoja, ambazo nitaziita muda wa kupevuka, ndizo kiini cha mambo.

Ronald Ross, aliyeona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaweka maambukizi ya namna hii katika hesabu. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza kazi hiyo. Ilibuniwa kwa ajili ya malaria ya binadamu, lakini wataalamu wa mifugo wanaitumia mpaka leo, kwa kuwa ng'ombe na usubi wanafuata kanuni ileile. Inauliza mambo manne. Kwa kila mnyama kuna wadudu wangapi? Mdudu mmoja humuuma mnyama wa aina hiyo mara ngapi kwa siku? Kati ya wadudu walio hai leo, wangapi wataiona kesho? Na virusi vinahitaji siku ngapi kupevuka?

Majibu hayo hayana uzito sawa. Wingi unaingia kwenye hesabu mara moja: wadudu wakipungua nusu, maambukizi yanapungua nusu. Kuuma kunaingia mara mbili, kwa sababu mdudu lazima aume mara ya kwanza achukue virusi na mara ya pili avitoe. Kwa hiyo nusu ya kuuma huko ikimwendea mnyama ambaye virusi havistawi mwilini mwake, maambukizi yanabaki robo. Uhai wa mdudu ndio wenye nguvu kupita vyote, kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe tena na tena, kwa kila siku ya kupevuka.

Tuseme virusi vinahitaji siku 10, na kila siku wadudu 9 kati ya 10 wanaiona kesho. Siku 10 zikiisha, katika kila wadudu 100 walioanza pamoja wapo hai kama 35. Sasa tuseme wanaoiona kesho ni 8 kati ya 10. Baada ya siku zilezile wamebaki kama 11. Hata hao 11 hawana maisha marefu mbele yao, kwa hiyo nafasi zao za kuuma ni chache zaidi. Ukijumlisha yote, tofauti hiyo inayoonekana ndogo, kutoka 9 hadi 8, inapunguza maambukizi karibu mara saba. Kuua nusu ya wadudu wote kunapunguza mara mbili tu. Dawa inayomwagwa kwenye mazalia hupunguza wanaozaliwa, lakini wanaochomoka salama wanaishi umri wao wote. Dawa inayokaa kwenye ngozi ya mnyama humkuta mdudu pale anapokuja kula, na kwa kuwa lazima aje zaidi ya mara moja kabla virusi havijapevuka, wazee ndio wanaopukutika.

Umri wa usubi unaweza hata kuonekana kwa macho, ukiwa na hadubini. Mwaka 1969 mtaalamu wa wadudu wa Australia, Alan Dyce, alieleza kwamba jike aliyekwisha kunywa damu na kutaga angalau mara moja hubaki na rangi ya wekundu wa zambarau katika ukuta wa tumbo. Ambaye hajawahi kutaga hana rangi hiyo. Basi mavuno ya mtego wa usiku mmoja humwagwa kwenye kisahani, usubi wakatengwa mmoja mmoja, na wenye wekundu wakahesabiwa pembeni. Hao ndio waliokwisha kuuma na wanarudi kuuma. Umoja wa Ulaya uliliingiza jambo hili kwenye kanuni zake za mwaka 2007: miongoni mwa vigezo vya kusema eneo liko katika kipindi kisicho na wadudu waenezaji ni mtego kunasa usubi wa aina hiyo wasiofika watano. Napenda kanuni hiyo kwa sababu inahesabu kile hasa kinachoambukiza.

Ulaya ilikuwa imefundishwa na msiba. Ugonjwa wa ulimi wa bluu huwatesa zaidi kondoo: homa, uso kuvimba, vidonda vya kinywa, kuchechemea, na mara nyingine ulimi kubadilika rangi. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa nchi za joto. Kuanzia 1998 ukawa unaingia kusini mwa bara hilo mara kwa mara, ukifuatana na Culicoides imicola, usubi wa Afrika na Asia ambaye alikuwa ameenea pande za Mediterania. Kisha Agosti 2006, baada ya Julai yenye joto kali mno, ukaibuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, mbali sana na mahali ambapo imicola hufika. Ilikuwa aina ya 8 ya virusi hivyo. Walioubeba walikuwa usubi wa kaskazini kwenyewe, wadudu ambao walikuwa wakiwauma ng'ombe wa huko tangu zamani.

Hapa joto linaingia. Chini ya takriban nyuzi joto 12 za Selsiasi, virusi hivi havizaliani ndani ya usubi. Kwenye nyuzi 15 kupevuka huchukua wiki nyingi, na usubi wengi hawaishi hivyo. Kwenye nyuzi 25 ni kama siku tisa au kumi. Lakini joto hilohilo pia hufupisha maisha ya usubi, na humfanya aume mara nyingi zaidi kwa kuwa damu husagika upesi na mayai huiva haraka. Mambo matatu yanabadilika pamoja, mawili yakiusaidia ugonjwa na moja likiuzuia. Kwa hiyo kusema tu kwamba joto likizidi ugonjwa utazidi ni kusema nusu ya ukweli. Kuna kiwango ambacho maambukizi hufika kilele, na joto likipita hapo wadudu wanakufa kabla ya virusi kupevuka. Nchi yenye baridi ikiongezewa nyuzi mbili au tatu inaweza kusogea karibu na kilele. Nchi yenye joto kali inaweza kukiacha nyuma.

Wengi walitegemea majira ya baridi ya mwaka 2006 yamalize kazi. Usubi wakafa, ugonjwa ukatoweka, na mwaka 2007 ukarudi kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo, ukavuka bahari hadi Uingereza mwezi Septemba. Virusi vilikuwa vimejificha wapi? Sehemu ya jibu ni ng'ombe. Kwa kawaida ng'ombe haonyeshi dalili kubwa, lakini virusi vinaweza kukaa katika damu yake kwa wiki kadhaa, na usubi humpenda kuliko kondoo. Kondoo ndiye anayeugua mbele ya macho ya watu, ng'ombe ndiye anayewalisha wadudu virusi. Anayechanja kondoo peke yao kwa sababu ndio wanaokufa anaiacha chemchemi wazi. Sehemu nyingine ya jibu ilionekana mwanzoni mwa 2008 Ireland ya Kaskazini, ambako mitamba wenye mimba walioletwa kutoka Uholanzi walizaa ndama ambao tayari walikuwa na virusi. Virusi vilikuwa vimepita kwenye kondo la nyuma. Majira ya baridi yanaweza kumaliza usubi wote na ndama akazaliwa navyo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ambao mwanzoni unaonekana kuikana hesabu yote niliyoieleza. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walieleza ugonjwa uliowaua wanakondoo kwa wingi na kuwafanya kondoo watupe mimba katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Ndio Homa ya Bonde la Ufa. Tabia yake iliwasumbua watafiti kwa miongo mingi: unalipuka, unafagia, kisha unatoweka miaka mitano, kumi au zaidi, halafu unarudi baada ya mvua kubwa kana kwamba haukuondoka. Mbu mzima haishi miaka kumi. Mnyama aliyepona hana virusi tena.

Virusi vilikuwa ardhini, ndani ya mayai. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga kwenye tope la vibonde vya mbugani, pale maji yanapopungua. Mayai hayo hayaanguliwi mpaka yakauke kwanza na kisha yafunikwe na maji tena, na yanaweza kungoja hivyo kwa miaka. Katika miaka ya 1980 Kenneth Linthicum na wenzake walikusanya viluwiluwi kwenye vibonde vya aina hiyo nchini Kenya na kuwalea mpaka wakawa mbu kamili. Mbu hao hawakuwa wamewahi kumuuma mnyama. Hata hivyo virusi vilipatikana ndani yao, madume kwa majike. Dume ndiye shahidi mzuri zaidi hapa: haumi kamwe, kwa hiyo virusi hakuvitoa popote isipokuwa kwa mama yake. Jambo la namna hii halikuwa geni kabisa. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne walikuwa wameonyesha nchini Marekani kwamba homa ya ng'ombe ya Texas inaletwa na kupe, na kwamba kupe jike huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Kupe si mdudu kwa maana ya kibiolojia, lakini hila ni ileile.

Mbu anayezaliwa na virusi hahitaji kungoja siku za kupevuka. Hata hivyo ni wachache, na wao peke yao hawaleti mlipuko mkubwa. Wanachofanya ni kuwasha. Wanawauma ng'ombe, kondoo na mbuzi waliokusanyika karibu na maji, na damu ya wanyama hao inajaa virusi kwa kiwango cha juu mno kwa siku chache. Maji yakikaa wiki kadhaa na majani yakaota ndani yake, wanafuata mbu wengine, hasa wa jamii ya Culex, wanaozaliana kwa wingi katika maji yaliyotulia. Hao wanachukua virusi kwa wanyama na kuvisambaza mbali, na kwao ile hesabu ya umri na siku za kupevuka inarudi kama kawaida. Ndiyo maana mvua kali ya siku tatu ikifuatiwa na jua haitoshi. Lazima mafuriko yadumu, ili wimbi la pili la mbu lipate muda wa kuzaliwa na kuzeeka.

Kuelewa hivyo kumeleta kitu adimu katika magonjwa ya mifugo: uwezo wa kuona mlipuko kabla haujafika. Mwaka 1999 Linthicum na wenzake walionyesha kwamba milipuko ya Afrika Mashariki hufuata hali ya El Niño ikiambatana na kupanda kwa joto la magharibi ya Bahari ya Hindi, na kwamba setilaiti zinazopima ukijani wa mimea huonyesha mapema mahali vibonde vinapojaa. Mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998 katika Kenya, Somalia na Tanzania ulikuwa umefuata njia hiyo hasa. Mwaka 2006 ishara zilionekana tena, tahadhari ikatolewa, na Desemba wagonjwa wa kwanza wakathibitishwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Baadaye ugonjwa ukafika Somalia na Tanzania. Tahadhari ilitangulia kwa wiki mbili hadi sita. Kuagiza chanjo, kuisafirisha kwenye barafu, kuwafikia wafugaji wanaohamahama wakati barabara zimekatwa na mafuriko, yote kwa wiki chache, si kazi ya mzaha, na sehemu kubwa ya faida ya utabiri ilipotelea hapo. Kwa watu suala ni zito pia, kwani wengi huambukizwa kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, kumchinja, au kumsaidia anayetupa mimba, bila mbu kuhusika.

Sehemu nyingine virusi hivyo vimejipatia mbu wengine. Vilifika Misri mwaka 1977, na mwaka 2000 vikazuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika. Wanyama wanasafirishwa, na mbu wa kuwapokea wapo.

Yapo magonjwa ambayo umri wa mdudu hauna nafasi kubwa, na kuyachanganya na haya ni kosa la gharama. Ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe, ulioonekana kwanza Zambia mwaka 1929, haulazimiki kupevuka ndani ya mdudu. Inzi wa mazizini anayeng'ata hutoboa pele lililojaa virusi, anafukuzwa kwa mkia kabla hajashiba, anahamia kwa ng'ombe wa pili na kuendelea kula. Mdomo wake umefanya kazi ya sindano chafu. Ng'ombe mwenye mapele mengi ni hatari zaidi kwa sababu virusi viko zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye damu. Katika hali hiyo kinachoamua ni umbali kati ya ng'ombe na ng'ombe, na ni mara ngapi inzi anakatizwa mlo. Ndivyo pia Trypanosoma vivax, kimelea cha nagana, ugonjwa wa mifugo ambao Afrika huenezwa na mbung'o, kilivyoweza kukaa Amerika Kusini ambako hakuna mbung'o hata mmoja: pange hukibeba mdomoni.

Mbung'o mwenyewe anastahili kutajwa kwa kuwa ndiye anayethibitisha nguvu ya umri kwa upande wa pili. Anaishi muda mrefu, wiki nyingi hadi miezi, kwa hiyo hata vimelea vinavyopevuka polepole vinapata nafasi. Lakini uzazi wake ni wa taratibu kuliko karibu wadudu wote: jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi. Ukiongeza vifo vya majike kwa kama asilimia 4 kwa siku, na usiache, kizazi kinafifia mpaka kiishe. Ndiyo sababu vitambaa vya bluu vyenye dawa vinatosha katika maeneo mengi, na ndiyo sababu kupaka dawa miguuni na tumboni mwa ng'ombe wakubwa, mahali mbung'o anapopenda kuuma, kunafanya kazi kwa dawa kidogo kuliko kumwogesha mwili mzima. Unguja walikwenda mbali zaidi. Baada ya kuwapunguza mbung'o kwa dawa, walidondosha kwa ndege madume waliohasiwa kwa mionzi, na mbung'o wa porini wa mwisho akanaswa Septemba 1996. Kwa usubi mbinu za kupaka dawa zimetoa matokeo hafifu. Wanazaliana kwenye samadi, tope na majani yaliyooza kila pembe, na kizazi kinajazwa upya haraka.

Kwa hiyo kwa usubi, na kwa sehemu kubwa ya Homa ya Bonde la Ufa, mzigo unaangukia chanjo. Iwapo mnyama mmoja mgonjwa, kupitia wadudu, anaambukiza wengine wanne kwa wastani, lazima robo tatu ya kundi wawe na kinga ndipo ugonjwa uanze kurudi nyuma. Akiambukiza wawili na nusu, asilimia 60 inatosha. Nchi za Ulaya zililenga angalau asilimia 80 dhidi ya aina ya 8, ng'ombe na kondoo pamoja, kuanzia 2008, na ugonjwa ukaporomoka. Katika Homa ya Bonde la Ufa kuna kikwazo cha muda: ugonjwa ukikaa kimya miaka kumi, wanyama waliochanjwa wamekwisha kuuzwa na kuchinjwa, na mfugaji haoni sababu ya kulipia tena. Chanjo ya zamani ya Smithburn yenye virusi hai nayo inaweza kumtoa mimba mnyama mwenye mimba. Na mlipuko ukishaanza, kuchanja kundi zima kwa sindano moja ni kuusaidia ugonjwa, kwa sababu mnyama anayeonekana mzima anaweza kuwa na virusi tele katika damu siku hiyohiyo.

Kinachobaki ni kujua virusi vilipo kabla wanyama hawajaanza kufa, na hapo kazi ya Australia inafaa kuigwa. Makundi ya ng'ombe huwekwa katika maeneo mbalimbali ya nchi na damu yao kupimwa mara kwa mara, sambamba na mitego ya usubi, kisha ramani ya maeneo yenye virusi na yasiyo navyo huchorwa upya. Ng'ombe wachanga ndio wanaofaa, kwa sababu bado hawana kingamwili. Siku kipimo cha mmoja wao kikigeuka, inajulikana kwamba usubi wenye virusi amepita hapo katika wiki zilizotangulia, hata kama hakuna kondoo aliyechechemea.